Chungu Kilichozibwa Pua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kwa uvivu. Si kitu, mtachangamka mbele ya safari. Wadogo kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma, na aliye na tope miguuni akae na tope lake, maana leo tope ndilo lenye hadithi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda sokoni kama sisi, kulikuwa na kampuni katika Bonde la Mlenge. Kampuni ile iliuza tope. Msicheke. Tope ni dawa. Mnyama akijipaka tope, kupe hashiki, mbung'o haumi, jua halichomi. Na tope bora kuliko yote lilikuwa la Bi Ngiri, kwa sababu Bi Ngiri alilichanganya na majani ya mwarobaini, tena alilikanda mwenyewe.

Kanda, kanda, kanda. Kisha alifinyanga vyungu vya udongo mwekundu vya kulitia. Finyanga, finyanga, finyanga. Na kila chungu, kabla hakijakauka, alikipigia magoti, akakiinamia, akakibandika pua yake. Pwata.

Alipoinua kichwa, pua ilibaki pale kwenye udongo. Pua bapa, pua pana, tundu mbili katikati, na chunjua huku na huku. Alichukua masizi ya jikoni, akaizungushia duara jeusi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa chapa ya kampuni.

Bonde zima liliijua. Hakuna aliyesema, "Nipe tope la Bi Ngiri." Walisema, "Nipe ya pua." Mtoto wa pofu, yule mnyama mwenye pembe ndefu, akitumwa sokoni hakukosea, alitafuta pua. Hata Bwana Fuko, ambaye macho yake hayaoni, alipapasa vyungu kwa vidole. Akikuta tundu mbili, alikichukua chungu chake akaenda zake.

Bi Ngiri alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kombo. Kombo alikuwa kijana mwema. Nawaambia mapema, kwa sababu atakosea, nanyi mtataka kumchukia. Msimchukie. Msikilizeni tu.

Magoti ya Bi Ngiri yakaanza kuuma. Akamwita mwanawe.

"Kombo, baba, mimi nitakanda na kufinyanga tu. Sokoni uende wewe."

"Haya, mama."

Kombo akauza bondeni, akauza vizuri. Kisha akasema, "Mbona tope letu halifiki Mlimani?" Akapakia vyungu mgongoni, akapanda. Panda, panda, panda, mpaka Mlimani.

Sasa soko la Mlimani lilikuwa soko la swala. Swala wana shingo ndefu. Swala wana kwato zinazong'aa. Swala waliuza manukato na dalia na mafuta ya kulainisha nywele. Kombo akapanga vyungu vyake katikati yao, pua zikatazama wapita njia.

Akaja swala mmoja, akasimama. "Hii nini?"

"Tope la kuzuia kupe, dada."

"Nauliza hii." Akanyoosha ukwato.

"Chapa yetu. Ni pua."

Swala akageuka. "Jamani, njooni muone. Huku pua inauzwa."

Wakaja. Kwi kwi kwi. "Ina mafua?" mmoja akauliza. "Kigeuze, kaka, kisije kikatupigia chafya," mwingine akasema. "Na hizi chunjua, mnazitia au zimekuja zenyewe?" Kwi kwi kwi.

Halafu yule wa kwanza akauliza, kwa upole kabisa, "Ni pua ya nani?"

Wanangu, swali lile lilikuwa jepesi. Jibu lake ni neno fupi, neno la kwanza ambalo kila mmoja wenu alijifunza kulitamka. Kombo alifungua mdomo alitoe. Akaziona zile shingo. Akaziona zile kwato. Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Sijui," akasema. "Ni pua tu."

Kisha akavigeuza vyungu, kimoja kimoja, pua zikatazama ukuta.

Aliteremka Mlimani na vyungu vyake. Nyumbani mama yake akamuuliza, "Wamesemaje huko?"

"Wamesema tope ni zuri."

"Na vyungu?"

"Na vyungu pia."

Bi Ngiri akafurahi. Mkia wake ukasimama wima kama ufito. Kombo akauangalia mkia ule, akatamani ardhi immeze. Na kesho yake, badala ya kusema, alifanya.

Alikwenda ziwani kwa Korongo. Korongo alikuwa fundi wa nembo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, maana alisema mguu wa pili unamsumbua mawazo. Akakitazama chungu kwa muda mrefu.

"Nembo ni uso wa biashara," akasema. "Ninyi mmetoa pua, uso mmeuacha nyumbani."

"Ndiyo maana nimekuja, fundi. Nataka nembo mpya na rangi mpya."

"Hii aliichora nani?"

"Haikuchorwa. Ilibandikwa."

"Aliibandika nani?"

Kombo akatazama maji. "Ni mambo ya zamani."

"Basi tuifute." Korongo akasugua. Sugu sugu sugu. Akasugua tena. Pua haikutoka. "Hii haifutiki," akasema. "Imeingia ndani ya udongo. Dawa yake ni kuiziba."

Wakachukua chokaa. Wakaziba tundu la kushoto. Wakaziba tundu la kulia. Wakapaka chungu kizima chokaa, kikawa cheupe pee. Shingoni wakazungusha mstari wa nili. Na pale penye pua, Korongo akachora ua la yungiyungi kwa rangi ya manjano.

Kweli kilipendeza. Sitawadanganya. Hata mimi ningekipenda.

"Naomba jambo moja," Kombo akasema. "Vyote nitavileta hapa, vikauke hapa hapa kwako. Mama asivione."

"Kwani mama yako hapendi maua?"

"Magoti yanamuuma," Kombo akasema, akaondoka.

Mnaona lile alilokuwa akiliogopa? Hakuogopa kupe wala simba. Aliogopa jambo moja tu: mama yake ajue kwamba mwanawe anaionea haya pua yake. Akajiambia, "Mama haendi tena sokoni. Asiyekwenda sokoni haoni. Asiyeona haumii." Akajiambia hivyo njia nzima, kwa sababu neno la uongo lisiporudiwa halikai.

Siku ya soko la bondeni ikafika. Kombo akapanga vyungu vyeupe safu nzima. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa, mwenye maneno kama mtama uliomwagika.

"Nipe ya pua, Kombo."

"Hii hapa, Bi Kanga. Ni ileile, ila imepata sura mpya."

Bi Kanga akakitazama kwa jicho la kulia. Akakitazama kwa jicho la kushoto. Akanyamaza, na Bi Kanga kunyamaza ni habari. Nyuma yake akaja Bwana Nyumbu, na nyuma ya Nyumbu akaja Bwana Fuko. Fuko akanyoosha vidole kama kawaida yake. Akapapasa. Akaikuta pua chini ya chokaa. Akazitafuta tundu mbili. Vidole vikasimama.

"Imezibwa," akasema polepole.

"Nini kimezibwa?" akauliza Nyumbu.

"Pua ya Bi Ngiri. Imezibwa. Ni rangi gani?"

"Nyeupe," akasema Nyumbu. "Na chungu chote cheupe. Na juu kuna ua."

Wakubwa mmeshaelewa. Wadogo, niwaambie. Katika nchi ile, kama kwetu, aliye hai huachwa pua wazi avute hewa. Anayezibwa pua kwa kitu cheupe, kisha akavikwa nyeupe mwili mzima, huyo ni yule ambaye hatavuta hewa tena. Na maua tunayapeleka wapi? Juu ya kaburi. Haya.

Kombo alikuwa ameinama, akishusha vyungu vingine, hakuwasikia. Walipomwona akiinuka, wakashusha sauti. "Msimuulize kitu," Bi Kanga akanong'ona. "Hamjamsikia? Eti sura mpya. Masikini, anajikaza."

Wakampa mkono mmoja mmoja.

"Pole sana, Kombo."

"Ahsante. Ni kazi ngumu, lakini nitazoea."

"Utazoea, baba. Ni mipango ya Mungu."

"Nilianza kuiwazia nilipokuwa Mlimani," Kombo akasema.

Nyumbu akafuta machozi. "Kumbe alikuwa akiugua siku zote hizo," akamwambia Fuko pembeni.

Wakaondoka. Na wengine wakaja, wakatazama, wakatoa pole, wakaondoka. Hakuna aliyenunua. Kombo akashangaa. Akajisemea, "Wateja wangu wana adabu nzuri, ila leo hawana haja na tope." Alasiri akafunga mizigo, akarudi nyumbani.

Alipokaribia, akasikia sauti. Uwiii. Uwiii.

Akakaza mwendo. Uwanja ulikuwa umejaa. Nyumbu ameleta kuni. Bi Kanga ameleta chungu cha kunde na analiza wengine kwa zamu. Fisi amekuja na sahani yake mwenyewe, na alikuwa ameshaijaza.

Na Bi Ngiri alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya dimbwi lake, amelala usingizi wa mchana. Vilio vikamwamsha. Akatoka tope likimchuruzika, akajitupia leso kichwani, akakimbia na magoti yake mabovu. "Jirani zangu, nani ametutoka?" Hakungoja jibu. Msiba wa jirani haungoji jina. Akakaa katikati ya waliokaa, akalia. Uwiii. Uwiii. Bi Kanga akampokea begani, akampigapiga mgongo, akalia naye. Halafu akamtazama kwa jicho la kulia. Akamtazama kwa jicho la kushoto.

Manyoya yakamsimama. Nyumbu akatupa kuni, akaruka uzio. Kila mtu akarudi nyuma, isipokuwa Fisi. Fisi aliendelea kutafuna. "Maiti akifufuka," akasema, "chakula hakirudi chunguni."

"Bi Ngiri," Bi Kanga akasema kwa sauti ndogo, "tulikuwa tunakulilia wewe."

"Mimi?"

"Umezibwa pua. Umevikwa nyeupe. Juu yako kuna ua."

"Nani amewaambia?"

"Chungu."

Bwana Fuko alikuwa amebeba kimoja alichokichukua sokoni bila kulipa, akidhani ni cha kumbukumbu. Akakitoa. Bi Ngiri akakipokea, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Akapitisha ukwato juu ya lile ua, polepole, mpaka akaikuta pua yake chini ya chokaa.

Kombo alikuwa amesimama penye lango, mzigo wa vyungu vyeupe bado mgongoni. Wote wakamgeukia. Masikio yake yakalala.

Mama yake akainua macho, akamtazama. Akaelewa. Mama haambiwi mara mbili. Huyu hakuambiwa hata mara moja. Kisha akageuka kwa majirani, akacheka kidogo.

"Aa, hii? Chokaa imemmwagikia mwanangu. Si ndiyo, Kombo?"

Mnaona? Alimfungulia mlango apite. Mbele ya watu wote, mwenye kuumizwa alimtafutia njia aliyemuumiza. Na Kombo akapita. Alisema, kwa sauti ambayo hata Fuko mwenye masikio makali aliisikia kwa shida, "Ndiyo, mama. Chokaa ilimwagika."

Nyumbu akarudi akicheka. Bi Kanga akasema, "Kijana mzembe wewe, ungetuua kwa presha." Wakaketi. Kunde zilikuwa zimeiva, na kunde zilizoiva haziulizi zimepikiwa nini. Wakala matanga ya aliye hai, naye aliye hai akawapakulia. Kombo akapakuliwa pia. Akatia tonge mdomoni. Likazunguka, likazunguka, likakataa kushuka.

Wageni wakaenda. Bi Ngiri akainama kuosha vyombo. Kombo akaja akasimama nyuma yake.

"Mama, chokaa haikumwagika."

"Najua, baba. Chokaa haimwagiki ikachora ua."

Akasuuza sahani. Akaichukua nyingine, ya Fisi, aliyoisahau. "Ni ua zuri," akasema. "Halina chunjua."

Heri angempiga. Kombo akapiga magoti pale pale kwenye maji machafu. Na kwa kuwa tayari alikuwa chini, akaona asibakize kitu. Akasimulia habari za Mlimani. Akawataja swala na kicheko chao. Akafika kwenye lile swali. "Waliniuliza ni pua ya nani. Nikasema sijui."

Sahani ikasimama majini.

"Hilo," Bi Ngiri akasema, "sikuwa nalijua."

Akaitoa sahani majini, akaiweka chini. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, 'Mama, pua haiuzi Mlimani.' Tungekaa, tungebadilisha pamoja. Chapa si amri ya Mungu. Mimi mwenyewe niliibandika kwa sababu sikujua kuchora. Lakini hukuniambia. Ulinipitia kwa nyuma ukaniziba."

Asubuhi Bi Ngiri alikanda. Kanda, kanda, kanda. Akafinyanga. Finyanga, finyanga, finyanga. Kombo akasogeza vyungu vibichi mbele yake, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Piga pua, mama."

"Sipigi."

"Kwa nini?"

"Watu wamenililia. Wamekula matanga yangu. Aliyeliliwa hapigi tena chapa, hiyo ni desturi, nawe unaijua."

"Lakini u hai, mama."

"Nyumbani ni hai. Sokoni ulinizika wewe. Kaseme huko wewe."

Kombo akachukua vyungu vibichi, vitupu, havina pua wala ua. Akaenda soko la bondeni. Watu wakamwona, wakaanza. "Kombo, leo umemwaga nini?" "Kombo, leo nani kafa? Fisi anauliza, sahani yake iko tayari." Wakacheka. Aliwaacha wamalize. Alijua akianza kabla hawajamaliza, hataanza tena.

"Chokaa haikumwagika," akasema. "Niliipaka mwenyewe. Walinicheka Mlimani, nikamwonea haya mama yangu. Nikaiziba pua yake makusudi. Jana alinisitiri mbele yenu, nami nikakubali kusitiriwa. Ndiyo habari yenyewe."

Soko likanyamaza. Nyumbu akatazama kwato zake. Kombo alisimama katika kimya kile, na uso ulimwaka zaidi ya ulivyowaka Mlimani. Kule alipowaka, aligeuza vyungu. Hapa hapakuwa na cha kugeuza.

Mwishowe Bwana Fuko akakohoa. "Na sasa sisi tununue ya nini, na ya pua hakuna?"

Kombo akakitazama chungu kibichi. Akapiga magoti. Akainama, akabandika pua yake mwenyewe. Pwata. Alipojiinua, udongo ulikuwa umempanda mpaka machoni, na watoto wa pofu walicheka, nao hawakukosea.

Fuko akapapasa. "Tundu mbili," akasema. "Ziko wazi." Akapapasa tena, akakunja uso. "Lakini imekaa kombo."

"Kombo ndimi," Kombo akasema.

Fuko akakichukua chungu chake, akaenda zake. Na wengine wakanunua kama yeye, Kombo akibandika pua kimoja kimoja.

Kombo akarudi nyumbani na kimoja kilichobaki. Akakiweka karibu na mama yake, akasimama mbali. Bi Ngiri akakitazama kwa muda.

"Umebandika kwa pupa," akasema. "Udongo umepasuka. Njoo."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyomshika alipokuwa kitoto akimwogesha. Akakiinamisha polepole juu ya chungu kingine kibichi. "Fumba macho. Vuta pumzi kwanza. Usiogope, ni udongo tu." Pwata. Pua ikakaa vizuri, bapa, pana, tundu mbili, chunjua huku na huku. Bi Ngiri akachovya ukwato kwenye masizi, akaizungushia duara jeusi.

Yeye hakupiga pua yake tena maisha yake yote. Desturi ni desturi. Na haya ya Kombo haikuisha siku ile. Kila Bi Kanga alipopita akasema "Pole, Kombo," masikio yake yalilala. Lakini siku hiyo, udongo ukiwa umemjaa puani, hakuupangusa.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, kubadili chapa si kosa, na kubadili rangi si kosa. Kosa ni kumzika aliye hai kwa sababu wengine wamecheka. Ukimwonea haya aliyekulea, haya hiyo haipotei. Hukugeukia wewe, na haikutoki mpaka uiseme kwa kinywa chako mbele ya watu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye pua na aende nayo nyumbani, akamwonyeshe aliyempa.